Ndewe za Mtoto: Nani Aamue, na Lini?

Kiswahili kina jina mahususi la tundu linalotobolewa sikioni ili livalishwe pambo: ndewe. Kina pia kitenzi chake, kutoga, ingawa siku hizi wengi husema kutoboa tu. Katika pwani ya Afrika Mashariki masikio ya watoto wa kike yametogwa kwa vizazi vingi, na maelezo yaliyoandikwa yapo. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 akiwa binti wa Sultani na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo alieleza jinsi watoto wa kike wa jumba lao walivyotogwa katika siku za mwanzo za uhai wao kwa sindano na uzi wa hariri, aghalabu matundu sita kwa kila sikio. Mtoto hakuulizwa, na kwa umri huo asingeweza kuulizwa.

Desturi hiyo haikuwa ya majumba ya wafalme peke yake, wala ya wasichana peke yao. Miongoni mwa Wamasai, wavulana kwa wasichana walitogwa na ndewe zao kupanuliwa taratibu hadi zikaning'inia. Leo, katika miji ya Tanzania, jambo lenyewe limepungua ukubwa na kuongezeka haraka. Mtoto wa kike hutobolewa tundu moja kila sikio, mara nyingi kabla hajatimiza miezi mitatu. Anayetoboa huweza kuwa muuguzi wa zahanati, bibi mwenye sindano na uzi, msusi wa saluni, au kijana apitaye mitaani na bastola ya plastiki ya kutobolea. Sababu inayotajwa na mama wengi ni nyepesi na ya kweli: kila anapopanda daladala huulizwa kama mtoto ni wa kike au wa kiume, naye amechoka kujibu.

Swali lililo mbele ya mzazi huyo, na mbele ya mhudumu wa afya anayeombwa kushika sindano, ni kama wazazi wana haki ya kuliamua jambo hili kwa niaba ya mtoto asiyeweza kusema. Wapo wanaoona swali lenyewe ni la kuigwa kutoka ughaibuni, maana mtoto ni wa wazazi wake. Wapo pia wanaoona kwamba mwili ni wa mwenye mwili hata akiwa na umri wa wiki sita. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili hulizungumzia sikio kana kwamba masikio yote yana hatari sawa katika kila umri. Sivyo yalivyo.

Wazazi huamua mambo mengi mazito zaidi kuliko hereni. Humpeleka mtoto chanjo ingawa analia, hukubali afanyiwe upasuaji wa mdomo sungura, humtia jando mtoto wa kiume. Katika maamuzi hayo kuna faida ya kiafya inayoweza kupimwa na kulinganishwa na maumivu au hatari. Kutoga sikio hakuna faida ya kiafya hata moja. Faida yake ni ya urembo, ya utambulisho na ya furaha ya familia. Hizo si faida za kudharauliwa, ila haziwezi kuhalalisha hatari kubwa. Jambo lisilotibu chochote linaweza kungoja, na hapo ndipo penye uhuru wa mzazi: hana dharura.

Tena, kuamua kwa nia njema hakulifanyi tendo kuwa salama. Wahudumu wa afya nchini wamewapokea watoto wachanga waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, wakaja wakivuja damu. Wamewapokea wengine waliong'olewa yale yaitwayo meno ya plastiki, ambayo kwa hakika ni vichipukizi vya meno ya kawaida, eti kwa kuwa yalisababisha homa na kuharisha. Wazazi wa watoto hao waliwapenda. Kwa upande mwingine, si haki kuliweka tundu la hereni katika kapu moja na ukeketaji, kama wafanyavyo baadhi ya wasemaji wenye jazba. Ukeketaji huondoa kiungo na kazi yake, hauna marejeo, na sheria ya Tanzania imeukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Hakuna namna salama ya kuufanya, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapinga usifanywe hata na wataalamu wa afya. Tundu katika nyama laini ya sikio haliondoi kazi yoyote ya mwili, na likiachwa bila pambo mara nyingi hujifunga. Mhudumu anayekataa tendo la kwanza hana kigeugeu akilikubali la pili kwa masharti.

Masharti hayo yaanze na maumivu. Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, na hadi miaka ya 1980 wapo waliofanyiwa upasuaji kwa ganzi ndogo mno. Mwaka 1987 Anand na Hickey walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine mapitio yaliyoonyesha kwamba mishipa ya fahamu ya mchanga hupokea maumivu na mwili wake huyaitikia kwa nguvu. Kwa hiyo kauli ya kwamba “mdogo hasikii, mtoboe sasa” haina msingi. Kilicho kweli ni kwamba mchanga hatakumbuka. Kumsahaulisha mtu maumivu si sawa na kutomuumiza, lakini pia si haki kuyakuza maumivu ya sekunde chache yakaonekana mateso. Mtoto aliyenyonya muda huo huo, aliyekumbatiwa na mama yake akigusana naye ngozi kwa ngozi, hulia kidogo zaidi na kutulia mapema. Parasetamoli haisaidii sana kwa maumivu ya ghafla ya namna hii. Krimu za ganzi zisipakwe bila ushauri wa daktari, kwa kuwa baadhi yake, zikizidi kwa mtoto mdogo, huweza kuifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo.

Hatari ya pili ni maambukizi, na hapa umri una maana kubwa. Katika siku 28 za mwanzo mtoto hana kinga yake mwenyewe dhidi ya pepopunda. Hutegemea ile aliyopewa na mama aliyechanjwa, na si kila mama alikamilisha dozi zake. Sindano iliyochomwa penye vumbi, au uzi uliopakwa majivu, inaweza kuingiza vijidudu vya ugonjwa ambao dalili yake ya kwanza ni mtoto kushindwa kunyonya. Chanjo ya pentavalenti hutolewa nchini katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nayo hukinga pepopunda na homa ya ini aina ya B pamoja na maradhi mengine. Kadi ya kliniki, basi, ndiyo kalenda nzuri kuliko zote kwa jambo hili. Mtoto ambaye hajapata dozi ya tatu asitogwe, na mwezi mmoja au miwili ya kungoja haimpunguzii mzazi chochote. Kliniki itakayoliweka sharti hilo wazi itapata na faida ya pembeni: mama anayetamani hereni atarudi kwa dozi ya wiki ya 14 bila kufuatwa.

Ipo sindano moja kwa watoto wengi. Hilo bado hutokea mitaani, na ndilo la kuogopwa kuliko kelele zote za mtoto. Homa ya ini aina ya B na Virusi vya Ukimwi husafiri katika damu iliyobaki kwenye ncha ya chuma hata kama haionekani kwa macho. Kupitisha sindano juu ya moto wa kiberiti au kuifuta kwa spiriti hakuitakasi. Bastola ya plastiki nayo haiwezi kuingizwa katika mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, hivyo hupita kutoka sikio hadi sikio ikiwa imefutwa tu. Aidha, husukuma pini butu kwa nguvu na kuiponda nyama badala ya kuichana. Ikitumiwa kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, madhara huweza kuwa mabaya. Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mwaka 2000, wateja wa kibanda kimoja cha mapambo walipata maambukizi ya bakteria aina ya Pseudomonas baada ya kutobolewa gegedu, na baadhi yao masikio yao yalibaki yameharibika umbo. Gegedu hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole na hupigana na vijidudu kwa shida. Matundu sita ya enzi za Salme yasitafutwe kwa mtoto wa leo.

Linabaki jambo ambalo wazazi wengi hulijua kwa macho lakini hawalijui kwa jina: keloidi, yaani kovu lisilojua kukoma. Jeraha likishapona, ngozi huendelea kujijenga hadi kovu linavuka mipaka ya jeraha lenyewe na kuwa uvimbe mgumu, unaong'aa, wenye kuwasha, na wakati mwingine wenye ukubwa wa kunde na baadaye wa yai la njiwa. Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hufuata familia, na sikio ni mojawapo ya maeneo inayoyapenda. Huweza kuchelewa miezi mingi baada ya kutobolewa, ndiyo maana aliyetoboa huwa haioni kamwe. Tiba yake ni ndefu na haina uhakika: sindano za dawa ya steroidi zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, vibanio vya kulikandamiza kovu, au upasuaji. Ikikatwa bila kuongezewa tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko ya awali. Msichana wa miaka 15 mwenye uvimbe huo katika masikio yote mawili hufunga kitambaa kichwani hata siku za joto, na si kwa sababu ya dini.

Hapa ndipo hoja ya “tungoje mtoto aamue mwenyewe” inapogonga mwamba. Keloidi ni nadra kwa watoto wachanga na huongezeka katika umri wa kubalehe na ujana. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwachunguza wagonjwa wenye keloidi za masikio, ukaonyesha kwamba wale waliotobolewa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata kovu hilo mara nyingi zaidi kuliko waliotobolewa kabla ya umri huo. Ulihusu watu wachache, tena wale ambao tayari walikuwa na tatizo, kwa hiyo haufai kuchukuliwa kuwa neno la mwisho. Lakini unakubaliana na kile ambacho madaktari wa ngozi huona. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema kwamba sikio likitobolewa kwa uangalifu hatari ni ndogo katika umri wowote, ila kinashauri kungoja hadi mtoto awe na akili ya kulitunza tundu lake mwenyewe. Ushauri huo ni mzuri kwa jamii kwa ujumla. Kwa familia za Kiafrika, ambako keloidi si ugeni, kungoja hadi miaka 14 ili kupata ridhaa kamili kunaweza kumpa msichana haki ya kuchagua wakati ambapo chaguo lenyewe limekuwa la hatari zaidi.

Jibu linalofaa linapatikana katikati ya umri huo, na linaanza kwa kuuliza habari za ukoo. Je, mama, baba, shangazi, babu au ndugu yeyote ana kovu lililovimba, sikioni, kifuani palipokuwa na chunusi, begani palipochanjwa? Baba aulizwe pia, maana mara nyingi hayupo kliniki na upande wake husahaulika. Ikiwa jibu ni ndiyo, ushauri wa kweli ni kutotoboa kabisa, uwe utotoni au ukubwani. Hereni za kubana zipo. Ikiwa jibu ni hapana, muda kati ya kukamilika kwa chanjo na miaka kama tisa au kumi ni mpana, na ndani yake kuna miaka ambayo mtoto huweza kuulizwa akajibu.

Nikeli ni habari fupi. Ni metali inayochanganywa katika hereni za bei rahisi, nayo ikigusana na jeraha bichi huweza kuufundisha mwili mzio utakaodumu maisha yote. Mtu huyo baadaye huwashwa na saa, kifungo cha suruali, hata bizimu ya mkanda. Denmark iliweka sheria ya kupunguza nikeli katika mapambo mwaka 1990, na mzio ukapungua miongoni mwa wasichana waliotobolewa baada ya hapo. Hereni za barabarani hapa kwetu hazina maandishi ya kumwambia mnunuzi kilichomo. Hereni ya kwanza, inayokaa ndani ya kidonda, inafaa iwe ya titani au ya dhahabu ya manjano kutoka kwa sonara anayeaminika. Urembo wa bei nafuu ungoje tundu lipone.

Turudi kwa mwenye sikio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema hivyo hivyo katika ibara ya 12. Hakuna popote sheria inapomnyang'anya mzazi uamuzi wa hereni. Inamtaka amsikilize anayeweza kusema. Mtoto wa miaka mitano anajua kama anataka hereni au hataki, na akisema “sitaki” huku ameficha masikio kwa viganja, hilo ni jibu. Kumshika mikono na miguu ili atobolewe kwa ajili ya harusi ya Jumamosi ni jambo ambalo mhudumu wa afya anapaswa kulikataa, hata kama mama amelipia na shangazi amekasirika. Mtoto wa miaka saba anayeomba mwenyewe, akaelezwa kwamba itauma na kwamba atalazimika kusafisha kila siku kwa wiki sita, kisha akasema bado anataka, yu mbali na mchanga wa siku saba ingawa wote wawili wameletwa na mama.

Katika nyumba nyingi anayeamua si mama wala baba, ni bibi. Mama mkwe huja kumkanda mzazi baada ya kujifungua, akiwa na uzi wake mfukoni, na mke kijana huona haya kumpinga. Muuguzi anayejua hali hiyo humsaidia mama kwa kumpa neno la kusema nyumbani: “Nesi amekataza hadi chanjo ya tatu.” Lawama hubaki kliniki na heshima hubaki nyumbani. Bibi mwenyewe akija kliniki, azungumziwe kwa adabu ya umri wake na aulizwe habari za makovu ya ukoo, kwa sababu ndiye anayezijua kuliko wote.

Vituo vinavyokataa kabisa kutoga hudhani vimemlinda mtoto, kumbe vimempeleka kwa mwenye bastola. Nchini Hispania na katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini wauguzi na wafamasia hutoga watoto bila kuonekana wamevunja mwiko. Kituo kitakachokubali kiifanye kazi hiyo hadharani, kwa bei iliyobandikwa ukutani na kwa kuiandika katika rejista. Isiwe shughuli ya pembeni ya muuguzi mmoja baada ya saa za kazi, kwa sindano zilizochukuliwa katika stoo ya chanjo. Sindano iwe mpya, ya mtoto mmoja, na itupwe katika boksi la usalama. Alama ziwekwe kwa kalamu sikio likitazamwa kutoka mbele, kwa kuwa ndewe zilizopishana huonekana maisha yote. Mtoto mwenye selimundu, mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa, mwenye familia inayovuja damu kwa urahisi, aliyezaliwa njiti au mwenye ukurutu masikioni amwone daktari kwanza. Tanzania ina watoto wengi wenye selimundu, na wengine hawajapimwa, hivyo swali hilo lisirukwe.

Nyumbani, tundu lisafishwe mara mbili kwa siku kwa mikono iliyonawiwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yakiwa na chumvi kidogo, au kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Dawa ya meno, majivu, maziwa ya mama na mafuta ya taa vikae mbali. Hereni iwe ndogo, isiyoning'inia, yenye kishikizo kisichochomoka, kwani mtoto huipeleka mdomoni kila anachokipata na huweza kupaliwa. Kishikizo kisibane, maana sikio likivimba huweza kukimeza chote ndani ya nyama.

Miaka kadhaa baadaye huja shule, na shule nyingi hazitaki hereni. Wasichana huchomeka kijiti cha ufagio wa chelewa ili ndewe isizibe, na walimu wengi hufumba macho. Kijiti hicho hufagia sakafu kabla hakijaingia sikioni, na si ajabu kuona tundu lililotulia kwa miaka sita likitoa usaha katika muhula wa kwanza. Tundu lililopona vizuri huweza kuachwa wazi saa za masomo na kuvalishwa pambo jioni. Likianza kuziba, liachwe lizibe.

Sikio likiwa jekundu kidogo na lenye kuuma siku mbili tatu za kwanza, hilo ni la kawaida. Usaha, joto, uvimbe unaoongezeka, homa, kishikizo kilichozama, au wekundu uliopanda kwenye gegedu ni sababu za kwenda kituoni siku hiyo hiyo, na hereni isichomolewe kwa nguvu nyumbani. Mtoto mchanga aliyetogwa na sasa anakataa ziwa apelekwe hospitali usiku ule ule, bila kungoja alfajiri, na mama aseme wazi kwamba alitogwa, siku gani, na kwa kutumia nini.